Sweta Isiyofuliwa

Jumapili jioni Dobi alirudi kutoka kupeleka mashuka, akavua koti lake la kazi, akanyoosha mkono kulitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jikoni. Mkono ukakutana na ukuta mtupu. Msumari ulikuwepo. Kilichokuwa kikikaa chini ya koti siku zote hakikuwepo.

Alitazama sakafuni, akatazama nyuma ya ndoo, akatazama hata ndani ya sufuria, mahali ambapo hakuna sweta duniani iliyowahi kujificha. Kisha jicho likamwenda uani, kwenye meza ya pasi. Juu ya rundo la nguo alizopiga pasi alfajiri palikuwa na sweta ya kahawia imekunjwa vizuri, mikono imelazwa mgongoni. Ukunjaji ule ulikuwa wake mwenyewe. Angeujua hata gizani. Hakukumbuka ameitoa wapi. Nguo za watu zilipita mikononi mwake kama abiria, na tangu zamani mikono hiyo ilikuwa imeacha kumuuliza ruhusa.

Akaiinua, akaizamisha pua ndani. Sabuni. Sabuni, buluu kidogo ya kufulia, na joto la mkaa. Hapakuwa na mtu ndani.

"Nimemfua," alisema taratibu. "Nimemfua kwa mikono yangu."

Sweta ile zamani ilikuwa ya Dobi mwenyewe. Miezi ya mwisho, baridi ilipohamia kwenye mifupa ya mkewe, mkewe aliivaa mchana na usiku mpaka ikawa yake. Siku ya tatu baada ya mazishi wifi za mkewe walikuja na magunia wakakusanya nguo za marehemu kuwagawia ndugu, naye Dobi akaificha hiyo moja chini ya koti. Bintiye alipouliza, alimwambia, "Kila kitu kimekwenda, mwanangu." Aliona haya. Mganga hajigangi, ni sawa, lakini dobi mzima kuweka nguo chafu ukutani miezi minane, angeanzia wapi kueleza? Kila Jumapili jioni alikuwa akiinusa mara moja tu, kisha akairudisha. Mara moja kwa juma, asije akaimaliza.

Na sasa aliona ameimaliza kwa siku moja, tena kwa sabuni ya kipande.

Bintiye aliingia saa moja, viatu vimejaa matope, manyoya ya mbwa yamemganda mpaka kwenye nyusi. Jirani walimwita Mama Mbwa, na hakukasirika. Alisema afadhali hilo kuliko mengine waliyokuwa wakiyasema kwa siri. Alifanya kazi kwenye ua wanakohifadhiwa mbwa waliotupwa. Mwenye ua ule alikuwa ameuza, na mnunuzi alitaka uwe mtupu ifikapo Jumatatu, siku nane baadaye. Mbwa wadogo walichukuliwa upesi kama maandazi ya moto. Wazee saba ndio waliobaki, na kwa miezi miwili msichana alikuwa akigonga milango ya watu asiowajua, akiwauliza kama wangependa mbwa asiyebakiwa na miaka mingi.

Walikuwepo waliocheka. Walikuwepo waliomuuliza kama amekosa mume wa kutafuta. Lakini mchonga funguo alimchukua kiwete, mjane wa ghorofani akachukua wawili pamoja kwa kuwa walilia walipotenganishwa, na hivyo hivyo mpaka sita wakapata kwao. Alibaki mmoja, jike kubwa lenye miaka kumi na mitatu, uso mweupe, macho yote mawili yamefunga ukungu. Walimwita Bibi.

"Baba, leo amekula," alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Siku nne hakutia kitu mdomoni. Leo nimemtandikia ile sweta ya Mwalimu, akainusa kuanzia kola mpaka pindo, akalala juu yake, akaamka akala bakuli zima."

"Vizuri," Dobi alisema, macho yake yako msumarini.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa mtaa wa pili, ndiye mtu pekee aliyekubali kumpokea Bibi, na kwa sharti: siku ya kukutana mbwa aonyeshe kwamba amemkubali, la sivyo yaishe. Mbwa asiyeona ana utaratibu wake pale uani. Bwana mpya huvaa nguo siku tatu bila kuifua, kisha mbwa hulalia nguo hiyo siku sita. Wakikutana, mbwa humjua yule mtu kama walikua pamoja.

"Pua yake, Baba, huwezi kuamini. Daktari wa wanyama anasema sisi tukiingia jikoni tunasikia harufu ya mchuzi. Mbwa anasikia kitunguu peke yake, chumvi peke yake, mkono uliokata kitunguu, na kama mwenye mkono alikuwa na huzuni."

"Huzuni ina harufu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Huyo daktari wako hana kazi nyingi."

Msichana alicheka. Baba yake hakucheka, na msichana akadhani ni uchovu.

*

Jumatano msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Hakuketi. Alikunjua foronya mezani, akachomoa kitu kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii nini, mzee?"

"Unywele, mama."

"Wa nani?"

Dobi alifikiri kidogo kama kuna jibu lingine. "Wa mbwa."

"Wageni wangu wanalipia kitanda. Hawajaniambia wanataka kulala na mbwa."

"Ni nguo za kazi za binti yangu, zilipita karibu na kamba. Halitatokea tena."

"Likitokea tena, na mimi nitapita karibu na yule dobi wa ng'ambo ya barabara. Yeye hana binti."

Mashuka ya nyumba ile ndiyo yaliyolipa chumba, mkaa na sabuni; wateja wengine wote walikuwa ni wa kuongezea chumvi. Dobi aliinamisha kichwa mbele ya mwanamke mdogo wa kuweza kuwa mwanawe, akaichukua foronya, akaifua upya bila malipo, akaikagua juani uzi kwa uzi. Jioni alimwambia bintiye avulie nguo zake nje ya mlango. Msichana aliitikia, "Sawa, Baba," na kuanzia siku hiyo akawa anaingia nyumbani kwao amejifunga taulo kama mtu aliyeibiwa.

*

Jumamosi asubuhi Dobi aliamua kuivaa ile sweta. Nguo safi ni ya kuvaliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili, na hapo akasimama.

Kiwiko cha kushoto. Mkewe alikitoboa kwa kukiegemeza ukutani, akakishona kwa uzi wa kijani kwa kuwa wa kahawia ulikuwa umekwisha, akasema, "Nani atanitazama kiwiko?" Kiwiko hiki kilikuwa kizima.

"Mwanangu," aliita, "hii sweta ni ya nani?"

Msichana alitokeza akichana nywele. "Si ya Mwal—" Chanuo likabaki kichwani. "Baba, umeitoa wapi?"

"Nimeifua mimi. Jumamosi iliyopita."

"Niliiacha kitini. Nilikwenda kuoga tu."

"Ilikuwa chafu."

"Ilitakiwa iwe chafu." Aliketi juu ya ndoo. "Jumapili asubuhi sikuikuta kitini, wewe ulishaondoka na koti lako. Nikaona sweta ya kahawia msumarini, nikasema Baba ameniwekea, ameitundika. Sasa ile niliyompelekea Bibi ni ipi?"

Dobi alikuwa ameshaivua na kuifunga, anaanza kuvaa viatu. Kwa siku sita aliamini kwamba amemfua mkewe, na sasa moyo ulimruka kwa furaha isiyo na adabu, maana kila alichokuwa akikiona usoni mwa bintiye kilikuwa ni hofu.

"Twende," alisema. "Nitakuambia njiani."

Njiani hakusema neno.

*

Kwenye ua wa mbwa milango ya vibanda ilikuwa wazi, vyote vitupu, vimepigwa deki, isipokuwa cha mwisho. Bibi alikuwa amelala juu ya sweta ya kahawia, pua ameichomeka kwenye kiwiko chenye uzi wa kijani. Mwalimu alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa amefunga tai, ameshika mkononi kamba mpya ya ngozi, bei yake bado inaning'inia.

"Saa tatu ni saa tatu," alisema, akawapa mkono. Kisha akachuchumaa kwa taabu, magoti yakalia, akanyoosha kiganja. "Haya, Bibi. Mimi ndiye."

Mbwa aliinua kichwa. Akakinusa kiganja kwa heshima, kama mtu anayesalimiana na mgeni wa jirani, kisha akakirudisha kichwa kiwikoni.

Mwalimu alingoja. Akabadilisha mkono. Akangoja tena.

"Mbona hanijui? Uliniambia atanijua."

Msichana alifungua mdomo, lakini baba yake alitangulia. Alitoa kifurushi kwapani, akakikabidhi kwa mikono miwili kama afanyavyo kwa wateja.

"Mwalimu, kosa ni langu. Sweta yako niliifua."

Mwalimu aliitazama sweta, mikunjo yake, kola iliyosimama. "Uliifua."

"Na kuipiga pasi."

"Mzee mwenzangu, niliivaa siku tatu kwenye joto. Mke wangu alinihamishia sebuleni. Bintiyo alinisihi nisipake hata mafuta, na wewe ukaifua?"

"Ilikuwa chafu, Mwalimu. Mkono haukujua."

Wakati huo Bibi aliinuka. Aliinuka kwa awamu, miguu ya mbele kwanza, akapumzika, kisha ya nyuma. Alipita kando ya Mwalimu pasipo kumgusa, akamwendea Dobi moja kwa moja, akaweka paji lake jeupe juu ya goti lake, akashusha pumzi. Sweta aliyoilalia, kabla ya kuwa ya mke, ilikuwa ya mume, na harufu yake ilikuwa imelala chini ya ile nyingine muda wote huo.

Dobi alisimama mikono juu, kama mtu aliyewekewa mtoto wa watu mapajani.

Mwalimu alijiinua, akajipangusa magoti. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko hasira. "Sioni haja ya kuendelea. Mmeniita kumposa mchumba aliyekwisha kuolewa." Akazungusha kamba mpya mkononi, akaitia mfukoni, akaichukua sweta yake. Langoni aligeuka. "Imepigwa pasi vizuri, lakini."

*

"Jumatatu saa nne," msichana alisema walipobaki peke yao.

"Najua."

"Hujui, Baba. Daktari atashika sindano ya mwisho, na atakayemshika kichwa ni mimi. Wewe utakuwa unaanika mashuka."

"Mashuka hayo ndiyo yanayotulisha. Nilikuambia alichosema yule mama. Unywele mmoja."

Dobi aliingia kibandani, akaiokota sweta, na bila kujali anatazamwa akaizamisha pua. Manyoya. Jasho la mnyama, majani makavu, usingizi wa mbwa mzee. Akageuza upande wa ndani. Akajaribu kola, akajaribu kwapa. Mbwa. Mbwa tupu.

"Amekwisha," alisema.

"Nani?"

Hakuhitaji kujibu. Msichana alikuwa amekiona kiwiko. Alikitazama kile kijani kwa muda mrefu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Uliniambia kila kitu kimekwenda."

"Niliona haya."

"Ulikuwa naye msumarini miezi minane, ukaniambia amekwenda."

"Nilidhani harufu imebaki kidogo, mama. Nilidhani haitatutosha wawili."

Msichana aliitwaa sweta, akaivuta harufu na yeye, akatikisa kichwa. Kisha akamtazama Bibi. Mbwa alikuwa ameinua pua kuifuata sweta ilipokwenda, kutoka mkono hadi mkono, kushoto, kulia, jinsi alizeti linavyofuata jua.

"Mimi sisikii kitu. Wewe husikii kitu," alisema. "Yeye anasikia. Siku sita amemlalia Mama, Baba. Ndiyo sababu alikula."

Dobi alitazama vibanda vitupu, akatazama lango alilopitia Mwalimu. Akajikuna shavu.

"Mpaka Jumatatu," alisema. "Jikoni tu. Kwenye kamba za nguo asikanyage."

*

Kizingitini Bibi alisimama. Hakuwahi kufika nyumba ile maishani mwake. Aliinua pua, matundu ya pua yakacheza, na mwili mzima ukatulia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Jikoni palikuwa mkono wa kushoto. Bibi hakwenda kushoto. Alikwenda kulia, mpaka mlango wa chumba, kwenye ukuta wa ujia, akaegemeza pua ukutani kwenye kimo cha nyonga ya mtu, akaanza kutembea.

"Mwache," msichana alinong'ona, ingawa Dobi hakuwa amesogea.

Miezi ya mwisho mkewe alikuwa hawezi kwenda bila kiganja ukutani. Kutoka chumbani mpaka jikoni alikuwa akipumzika mara tatu: kando ya mlango, chini ya kalenda, na kwenye kona. Dobi alizihesabu kila siku akiwa amelala kitandani anajifanya hasikii, maana mkewe hakutaka kusaidiwa. Ukuta ule hakuna aliyeufua. Yeye hufua nguo.

Bibi alisimama kando ya mlango. Akanusa, akanusa, akaendelea. Alisimama chini ya kalenda. Msichana akaziba mdomo kwa kiganja. Kwenye kona Bibi alisimama zaidi kuliko kote, akaegemeza ubavu wake ukutani, akahema.

"Mara tatu," Dobi alisema. Alivua kofia, hakujua kwa nini. Ilikuwa kama ameingia mahali ambapo watu huvua kofia.

Mbwa akaendelea mpaka jikoni. Kiti cha mkewe, kisichokuwa na mto. Ukingo wa meza. Mpini wa birika. Kila alipogusa, kitu kiliwaka kama taa, vitu ambavyo Dobi alikuwa akivipita kila siku akidhani vimezimwa. Kisha mlango wa nyuma, ua, mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni yanapepea juani. Dobi alishika pumzi. Bibi alipita chini yake, pindo moja likamsugua mgongo mzima kutoka shingoni hadi mkiani, na Dobi akamwacha apite.

Akaingia stoo ya mkaa.

"Hapo hapana," Dobi alisema. "Hapo hakuwa akifika. Daktari alimkataza moshi na vumbi. Nikianza kupiga pasi nilikuwa namfukuza akalale."

Lakini mkia wa Bibi ulikuwa unatikisika kwa mara ya kwanza. Alijipenyeza nyuma ya magunia, wakasikia akikuna. Dobi akasogeza gunia, akainama.

Sakafuni, kwenye kona isiyoonekana kutoka mlangoni, palikuwa na mto. Ule mto wa kiti. Mkewe alimwambia panya wameutafuna, ameutupa, na akamlaumu juma zima kwa kutokununua mtego. Ulikuwa mzima, katikati umebonyea kama unavyobonyea mto ukikaliwa na mtu mmoja kwa muda mrefu. Bibi alikwisha kujikunja pembeni yake, hakupanda juu.

Dobi alipiga magoti. Kwenye ukuta wa mbao, usawa wa uso wa mtu aliyeketi, palikuwa na upenyo upana wa kidole, kingo zake zimelainika. Akaweka jicho.

Aliiona meza ya pasi. Aliiona yote, pasi ya mkaa, kikopo cha maji ya kunyunyizia, kiraka cha sakafu kilicholika mahali anaposimama yeye kila siku ya Mungu. Na pale mahali alikuwa amesimama bintiye, aliyezunguka nje kuona wanafanya nini.

"Baba? Unaona nini?"

Alikuwa akikumbuka jioni zile alizodhani mkewe amelala: alivyokuwa akijiimbia vibaya, akizungumza na mashati ya watu, akimwambia kola moja kwamba bwana wake hana shingo. Akakumbuka siku aliyoweka pasi chini akalia, akiamini yuko peke yake.

"Nakuona wewe," alisema. "Umesimama pangu."

Msichana alitazama miguu yake, akatazama ubao, akaelewa. Alisogea kando polepole, akampisha mtu asiyekuwepo.

Dobi alitoka, magoti meusi. Alichukua sweta mkononi mwa bintiye, akarudi, akaitandika juu ya mto, akaulaza mkono wenye uzi wa kijani kumwelekea Bibi. Msumari jikoni ungelibeba koti peke yake.

"Mpigie daktari," alisema. "Asijisumbue Jumatatu."

"Na msimamizi? Na mashuka?"

"Kamba nitazipandisha juu ya paa. Unywele ukipanda na huko, nitafua tena. Ndiyo kazi niliyojifunza."

Akatia mkaa kwenye pasi, akapuliza mpaka ukawa mwekundu, akachukua shati la kwanza kwenye rundo. Kutoka nyuma ya mbao ilisikika pumzi ndefu, kisha kimya cha kiumbe aliyetulia lakini hajalala. Dobi alinyoosha kola yake mwenyewe kwanza. Kisha akalilaza lile shati mezani, akalipiga pasi taratibu, mshono kwa mshono, kama mtu anayetazamwa.